Nani aikatae data mbovu: hifadhidata, programu au ukaguzi wa usiku?

Timu ikikaa kuchora majedwali ya mfumo mpya, mabishano haya hayakosekani. Mmoja anataka kila uhusiano uwe na ufunguo wa kigeni, na kila safu ya wima isiyotakiwa kujirudia iwekewe kizuizi cha upekee. Wa pili anauliza: programu yetu inakagua tayari, kazi hiyo tuifanye mara mbili ya nini? Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye anayepokea mafaili makubwa kutoka nje, anasema tupokee kila kinachokuja, uchafu tutautoa usiku.

Wote wana hoja. Kinachowapotezea muda ni kwamba wanajadili sheria mbili kana kwamba ni moja. Kizuizi cha upekee kinasema thamani hii isionekane kwenye rekodi mbili. Ufunguo wa kigeni unasema usimtaje mzazi asiyekuwepo; mzazi ni rekodi inayotajwa, na mtoto ni ile inayoitaja. Huandikwa jirani kwenye jedwali moja, lakini haziharibiki kwa namna moja wala hazitengenezeki kwa namna moja. Ndiyo maana katika ulinganisho huu, kila njia nitaiuliza maswali mawili: upekee unalindwaje, na uhusiano unalindwaje?

## Vigezo

Nitatumia vinne, vilevile kwa kila njia.

Uhakika. Maombi mawili yakifika kwa pamoja, au mtu akiingia kwenye hifadhidata moja kwa moja bila kupitia programu, sheria inabaki?

Gharama. Inapunguza kasi kiasi gani, na wapi hasa?

Siku ya mabadiliko. Jedwali likiwa limeshajaa na mfumo unatumika, kuongeza au kubadilisha sheria kunasumbua vipi?

Siku ya kosa. Sheria ikivunjwa, nani anajua, lini, na usafi unafanyikaje?

Mfano nitakaoshikilia ni mdogo: jedwali la `wanafunzi`, jedwali la `kozi`, na jedwali la `usajili` linaloyaunganisha. Mwanafunzi mmoja asijisajili mara mbili kwenye kozi moja, na usajili usitaje kozi ambayo haipo.

## Njia ya kwanza: hifadhidata yenyewe inakataa

```sql
CREATE TABLE usajili (
  mwanafunzi_id BIGINT NOT NULL,
  kozi_id       BIGINT NOT NULL,
  FOREIGN KEY (mwanafunzi_id) REFERENCES wanafunzi (id),
  FOREIGN KEY (kozi_id) REFERENCES kozi (id) ON DELETE RESTRICT,
  UNIQUE (mwanafunzi_id, kozi_id)
);
```

Uhakika. Hapa njia hii haina mpinzani. Upekee unasimamiwa na indeksi, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia thamani. Muamala ni kundi la amri zinazokamilika au kughairiwa kwa pamoja. Muamala wa pili ukileta jozi ileile kabla wa kwanza haujakamilika, unasubirishwa. Wa kwanza ukikamilika, wa pili unakataliwa; wa kwanza ukighairiwa, wa pili unapita. Haijalishi ombi limetoka kwenye tovuti, kwenye simu, kwenye skripti ya usiku au kwa msimamizi aliyeingia mwenyewe na kuandika amri kwa mkono.

Ila uhakika huo una matundu yake, na ni bora uyajue kabla hujajivuna. La kwanza ni NULL, yaani nafasi isiyo na thamani. Katika hifadhidata za PostgreSQL, MySQL na SQLite, rekodi nyingi zinaweza kuwa na NULL kwenye safu yenye upekee, kwa sababu NULL mbili hazihesabiwi kuwa sawa. SQL Server hukubali moja tu. PostgreSQL ilileta chaguo la `NULLS NOT DISTINCT` kwenye toleo la 15, mwaka 2022, kwa wanaotaka NULL ihesabiwe kama thamani nyingine yoyote. Ufunguo wa kigeni nao hunyamaza ukikuta NULL: usajili wenye `kozi_id` tupu ungepita bila swali, na ndiyo maana ya `NOT NULL` mbili hapo juu.

Tundu la pili ni herufi. Kwa PostgreSQL, barua pepe iliyoanza kwa herufi kubwa na ileile iliyoanza kwa herufi ndogo ni thamani mbili tofauti, na zote zitaingia. Dawa yake ni indeksi ya upekee juu ya `lower(barua_pepe)`. MySQL kwa mipangilio yake ya kawaida huziona kuwa kitu kimoja. Ukihamisha mfumo kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine, sheria yako inaweza kubadilika bila mtu kugusa mstari wowote.

La tatu ndilo huniudhi zaidi: kizuizi kilichoandikwa lakini hakifanyi kazi. SQLite ilianza kutekeleza funguo za kigeni kwenye toleo la 3.6.19, mwaka 2009, lakini hadi leo kwa kawaida inazizima; lazima kila muunganisho uanze na `PRAGMA foreign_keys = ON`. Majedwali ya MySQL yaliyojengwa kwa MyISAM, mojawapo ya injini zake za kuhifadhi data, husoma tamko la ufunguo wa kigeni na kulipuuza kimya. Hata kwenye InnoDB, injini yake ya kawaida, hadi toleo la 8 la MySQL, ukiandika `REFERENCES` pembeni mwa safu badala ya kuandika mstari kamili wa `FOREIGN KEY`, MySQL hupokea amri, haikuambii neno, na hailindi chochote. Baada ya kuunda jedwali, jaribu mwenyewe kuingiza rekodi mbovu. Ni kazi ya dakika moja.

Gharama. Kizuizi cha upekee kinakudai indeksi moja, ambayo mara nyingi ungeihitaji hata hivyo kwa kutafuta. Ufunguo wa kigeni unadai mambo mawili. Kila usajili unapoingia, mzazi anatafutwa na kushikiliwa kwa kufuli nyepesi ili asifutwe wakati huohuo. Katika InnoDB hiyo ni kufuli ya kushiriki (wengi huishika pamoja, ila anayetaka kubadilisha rekodi anasubiri), kwa hiyo ikiwa rekodi ya kozi husasishwa kila sekunde (tuseme mtu ameweka humo kihesabu cha waliojisajili), usajili na masasisho vitaanza kusubiriana, na wakati mwingine kukwama kabisa. PostgreSQL ilipunguza tatizo hilo kwenye toleo la 9.3 kwa kuleta kufuli inayomzuia tu anayetaka kumfuta mzazi au kugusa ufunguo wake.

Jambo la pili huonekana siku ya kufuta. Mzazi akifutwa, hifadhidata inatafuta watoto wake. InnoDB hujitengenezea indeksi kwenye safu ya mtoto. PostgreSQL haifanyi hivyo. Rudi kwenye jedwali letu. Upekee wa `(mwanafunzi_id, kozi_id)` umetupa indeksi inayoanza na mwanafunzi, kwa hiyo kumfuta mwanafunzi ni haraka. Kufuta kozi kutasoma jedwali zima la usajili, kwa sababu `kozi_id` imekaa nafasi ya pili. Indeksi moja juu ya `kozi_id` inamaliza shida. Nimeona watu wakilaumu funguo za kigeni kwamba ni nzito, kumbe kilichokosekana ni mstari huo mmoja.

Siku ya mabadiliko. Kuongeza sheria kwenye jedwali lililojaa kunaumiza usipojipanga. PostgreSQL inakuruhusu kugawa kazi: unaongeza ufunguo wa kigeni kwa `NOT VALID`, ambao unabana rekodi mpya tu, kisha baadaye unaendesha `VALIDATE CONSTRAINT` ikague za zamani bila kuzuia uandishi. Kwa upekee, unajenga indeksi kwanza kwa `CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY`, halafu unaifanya kizuizi. Kwa MySQL, baadhi ya zana za kubadilisha majedwali makubwa bila kusimamisha huduma haziendani na funguo za kigeni. Gh-ost ni mojawapo.

Data ikigawanywa kwenye seva nyingi, mambo hugeuka zaidi. Seva moja haijui kilichopo kwenye nyingine, kwa hiyo upekee hubaki na maana ndani ya kila seva tu, isipokuwa safu inayogawa data iwe sehemu ya ufunguo. Hata kwenye seva moja, jedwali la PostgreSQL lililogawanywa vipande hudai safu zote za ugawaji ziwemo kwenye kizuizi cha upekee.

Siku ya kosa. Unajua papo hapo. PostgreSQL hurudisha 23505 kwa upekee na 23503 kwa ufunguo wa kigeni. MySQL hurudisha 1062 na 1452. Kazi yako ni kuikamata namba hiyo na kumpa mtumiaji sentensi inayoeleweka, kwa maana jina la kizuizi halimsaidii. Kumbuka pia kwamba katika PostgreSQL hitilafu moja huua muamala mzima, labda uwe umeweka `SAVEPOINT` (alama ya kurudia ndani ya muamala) au umetumia `INSERT ... ON CONFLICT`, iliyokuja na toleo la 9.5.

Inamfaa nani. Mfumo wenye hifadhidata moja inayoguswa na programu zaidi ya moja, au na watu. Na timu ambayo wanachama wake hubadilika, kwa sababu kizuizi kinabaki hata aliyekiweka akiondoka.

## Njia ya pili: programu inakagua kabla ya kuandika

Uhakika. Angalia maombi mawili ya mwanafunzi mmoja aliyebonyeza kitufe mara mbili mtandao ukiwa mzito:

1. Ombi A linauliza: usajili huu upo? Jibu: haupo.
2. Ombi B linauliza: usajili huu upo? Jibu: haupo.
3. Ombi A linaandika.
4. Ombi B linaandika.

Hakuna aliyekosea. Kila ombi limekagua, kila ombi limeambiwa ukweli wa wakati ule. Msimbo wa ukaguzi unaweza kuwa safi kabisa na rekodi pacha zikaingia hivyohivyo. Nyaraka za Rails, mfumo wa kuundia programu za wavuti, zenyewe huonya kwamba ukaguzi wake wa upekee hautoi dhamana bila indeksi ya upekee kwenye hifadhidata. Unaweza kuliziba pengo kwa miamala ya kiwango cha `SERIALIZABLE` (inayofanya kazi kana kwamba inapita mmoja baada ya mwingine), au kwa kufuli ya makusudi, lakini hapo kila msimbo unaoandika lazima ufuate utaratibu huo, na lazima uwe tayari kurudia muamala uliokataliwa.

Kwa uhusiano, picha ni nafuu. Ili yatima, yaani rekodi inayotaja mzazi asiyekuwepo, azaliwe, mzazi lazima afutwe katika upenyo uleule mfupi kati ya kukagua na kuandika. Mifumo mingi haifuti wazazi kabisa. Inaweka alama tu, tuseme safu ya `imefutwa_saa`. Kwa mfumo wa namna hiyo ufunguo wa kigeni hausaidii kama watu wanavyodhani: rekodi ya kozi bado ipo, hifadhidata imeridhika, wakati kwa macho ya mtumiaji kozi ilishaondoka. Swali la "kozi hii bado inapokea wanafunzi?" ni la programu, na litabaki la programu.

Alama hiyo ya kufuta inachokoza upande wa upekee pia. Mtu aliyefutiwa akaunti akirudi na barua pepe ileile, kizuizi cha kawaida kitamkataa. PostgreSQL, SQLite na SQL Server zina indeksi ya upekee yenye sharti, kwa mfano `WHERE imefutwa_saa IS NULL`. MySQL haina, huko watu hutengeneza safu inayokokotolewa, ambayo huwa NULL rekodi inapofutwa, na kuweka upekee juu yake.

Gharama. Ukaguzi mmoja ni safari moja zaidi kwenda kwenye hifadhidata kabla ya kila uandishi. Na bila indeksi, safari hiyo inasoma jedwali zima. Kwa hiyo indeksi unaijenga vilevile. Kilichobaki ni kuamua kama itakuwa ya upekee au la.

Siku ya mabadiliko. Hapa njia hii inapumua. Sheria zinabadilika kwa kutoa toleo jipya la programu, bila kugusa jedwali lenye mamilioni ya rekodi. Sheria zenye masharti mengi, kama "asajiliwe mara moja kwa muhula, isipokuwa alifeli", huandikika vizuri zaidi kwenye msimbo kuliko kwenye tamko la jedwali.

Siku ya kosa. Ujumbe kwa mtumiaji ni mzuri kuliko wa njia zote, kwa kuwa programu inajua muktadha na inaweza kueleza makosa matatu kwa mpigo. Hifadhidata husimama kwenye kosa la kwanza. Lakini sheria ikivuja, hakuna anayejua. Niliwahi kurithi mfumo ambao wanafunzi wengine walikuwa na akaunti mbili, na kila akaunti ilikuwa imeshaota mizizi: matokeo huku, malipo kule, barua pande zote. Kuzipata kulichukua swali moja. Kuziunganisha kuliendelea kwa wiki kadhaa, kwa sababu kila jozi ilihitaji mtu akae aamue jina lipi ndilo sahihi na tarehe ipi iaminiwe.

Tofauti ya sheria zetu mbili imelala hapo. Yatima hukaa peke yake. Unampata, unamfuta au unamrudishia mzazi kutoka kwenye nakala rudufu. Pacha huzaa. Kila siku inayopita, rekodi mpya zinaning'inia kwake, na siku ya kuwaunganisha unahamisha ukoo mzima. Ndiyo sababu mimi hukubali haraka mtu akiniambia ataacha ufunguo wa kigeni kwa sababu fulani, na hubishana muda mrefu akiniambia ataacha upekee.

Inamfaa nani. Mfumo ambao mlango wa kuingilia ni mmoja kweli, na wazazi hawafutwi. Pia huduma ndogondogo, kila moja na hifadhidata yake: ufunguo wa kigeni hauvuki kutoka hifadhidata moja hadi nyingine, kwa hiyo uhusiano wa namna hiyo hauna pengine pa kukaguliwa.

## Njia ya tatu: pokea kwanza, kagua usiku

Uhakika. Mchana hakuna. Sheria inavunjwa na data inatumika ikiwa imevunjika hadi ukaguzi upite.

Kwa hifadhi za uchambuzi hili si chaguo sana, ni hali halisi. Snowflake, BigQuery na Amazon Redshift hukuruhusu kutangaza funguo msingi (zinazotambulisha kila rekodi) na za kigeni, lakini kwenye majedwali ya kawaida hazizitekelezi kama PostgreSQL inavyofanya. Redshift na BigQuery huenda mbali zaidi: huliamini tamko lako zinapopanga namna ya kujibu swali. Ukitangaza upekee ambao haupo, unaweza kupata majibu yenye makosa. Huko, tamko la uongo ni baya kuliko kutotangaza.

Gharama. Uandishi ni mwepesi kuliko njia zote. Bili inakuja usiku:

```sql
SELECT mwanafunzi_id, kozi_id, COUNT(*)
FROM usajili
GROUP BY mwanafunzi_id, kozi_id
HAVING COUNT(*) > 1;

SELECT u.*
FROM usajili u
LEFT JOIN kozi k ON k.id = u.kozi_id
WHERE k.id IS NULL;
```

Swali la kwanza linakuonyesha pacha, la pili yatima. Jedwali likikua, panga kukagua zilizoingia tangu jana tu.

Siku ya mabadiliko. Unabadilisha swali, basi.

Siku ya kosa. Unajua kesho yake, ukiwa na orodha. Orodha isiyo na mwenyewe hukua hadi watu waizoee, na nikiulizwa kasoro kubwa ya njia hii nitaitaja hiyo kabla ya kuchelewa. Kabla ya kuichagua, amua nani anaipokea asubuhi na ana mamlaka gani ya kurekebisha.

Inamfaa nani. Data inayofika bila mpangilio, mtoto akimtangulia mzazi kwa saa kadhaa. Mafaili ya kuhamisha mfumo wa zamani. Na vyanzo ambavyo huna uwezo wa kuvirudishia makosa yao. Ikiwa mtoto na mzazi wanaingia ndani ya muamala mmoja ila kwa mpangilio usiotabirika, usikimbilie huku. Katika PostgreSQL na SQLite, ufunguo wa kigeni wa `DEFERRABLE INITIALLY DEFERRED` unasubiri mwisho wa muamala ndipo ukague.

## Kwa hali yako

Unaanza mfumo mpya, hifadhidata moja. Weka vizuizi vyote sasa, jedwali likiwa tupu. Kukitoa kizuizi baadaye ni amri moja. Kukiongeza juu ya data chafu ni mradi. Programu iendelee kukagua kwa ajili ya ujumbe mzuri, na ikamate hitilafu ya hifadhidata kwa yale yanayoponyoka.

Umerithi jedwali kubwa lisilo na vizuizi. Anza na maswali mawili ya usiku ili ujue ukubwa wa uchafu. Upekee uje kwanza, kwenye safu zinazomtambulisha mtu au malipo, ukisafisha kwa mafungu. Funguo za kigeni zifuate kwa `NOT VALID` ili angalau uchafu usiongezeke.

Uandishi umekuwa mzito na mtu anapendekeza funguo za kigeni ziondolewe. Kagua kwanza indeksi za upande wa mtoto, na kama kuna mzazi anayesasishwa kila mara. Ukishafanya hayo na vipimo bado vikaonyesha ufunguo ndio mzigo, uondoe kwenye jedwali hilo tu, na siku hiyohiyo weka ukaguzi wa yatima.

Wateja wengi wanatumia jedwali moja. Ufunguo wa kigeni wa `id` peke yake hautamzuia mtu kuunganisha usajili wa mteja mmoja na kozi ya mteja mwingine. Weka upekee wa `(mteja_id, id)` kwenye `kozi`, kisha usajili uelekeze kwenye safu zote mbili.

Data imegawanywa kwenye seva nyingi. Safu inayogawa iingie kwenye kila kizuizi cha upekee. Kama upekee lazima uvuke seva, tuseme jina la mtumiaji, weka jedwali dogo la majina pekee mahali pamoja. Jina lichukuliwe huko kwanza, chini ya kizuizi halisi.

Unajiuliza kuhusu `ON DELETE CASCADE`, inayowafuta watoto mzazi anapofutwa. Kwa watoto wasio na maana bila mzazi, kama mistari ya rasimu, inafaa. Kwa usajili, matokeo au malipo, bakia na `RESTRICT`, ili anayefuta kozi akataliwe kwanza na alazimike kusema anataka yaliyo chini yake yaende wapi.